Swali la Kaluki

Kufuli lilikuwa jipya, na hilo ndilo lililompandisha Phanice mori kabla ya mengine yote. Mtu anayetoroka na pesa za watu ana haja gani ya kununua kufuli? Huyu alikuwa amepata nafasi ya kwenda dukani, akachagua kubwa la shaba, akapatana bei, akarudi kulifunga lango la kampuni ya Kisima Tele bila haraka yoyote, ndipo akatoweka. Phanice alilishika, akalitikisa mara tatu, akaliachia likagonga chuma. Makufuli aliyajua. Kisanduku cha chama chao kule Gatwekera, Kibera, kilikuwa na matatu.

Ilikuwa Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, na nje ya jengo lile la ghorofa moja la Kawangware walikuwa wamejaa watu wapatao mia. Muuza mboga yupo, fundi wa viatu yupo, mwalimu mstaafu mwenye tai yupo. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye muhuri wa buluu, na kila mmoja alikuwa akiinyanyua juu amwonyeshe mwenzake, utadhani mwenzake ndiye atakayelipa.

Phanice alikuwa ametembea kutoka Kibera pamoja na Kavetsa, mwenyekiti wa chama cha Tujikaze. Yeye mwenyewe, muuza mitumba ya watoto, ndiye aliyekuwa mweka hazina. Wote wawili walikuwa wamevaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, sare ya chama. Walikubaliana kuivaa ili wakifika wajulikane kuwa wanasimama kwa niaba ya akina mama kumi na wanane, wasije wakasukumwa kama wapita njia. Sare hiyo waliishonesha mwezi wa Agosti kwa faida ya mwezi mmoja ya Kisima Tele. Siku hiyo walipiga picha, wakanywa soda, wakasema chama kimefika.

Sasa laki nne na elfu thelathini zilikuwa nyuma ya kufuli jipya, au hazikuwapo kabisa. Zilikuwa pesa za karo. Kila Desemba akina mama wa Tujikaze hugawana akiba yao ili Januari watoto waende shule, na mwaka huu Mourine, binti wa Phanice, alikuwa anaingia Gredi ya Kumi. Nyumba kumi na nane zilikuwa zikimsubiri Phanice arudi na jibu, kwa sababu ni yeye aliyezipeleka pesa hizo Kawangware.

Tuseme ukweli: alizipeleka kwa kifua mbele.

Chama chao kilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, walikutana kwa Kavetsa. Kisanduku kililetwa, wenye funguo watatu wakafungua kila mmoja kufuli lake, na pesa zote zikamwagwa mezani, mahali ambapo kila jicho lingeziona. Anayetaka kukopa alisema mbele ya wote anataka ngapi na za kazi gani. Akikosa kulipa mwezi unaofuata, alizomewa kidogo, akapewa muda, maana wote walimjua na walijua mtoto wake yupi alikuwa mgonjwa. Na kabla ya sala ya mwisho, meza ilipaswa kuwa tupu. Sheria ilikuwa moja: pesa hailali. Ikilala sandukuni huamsha wezi, ikilala kwa mtu huamsha maneno.

Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Phanice, wa pili Kavetsa, na wa tatu Kaluki.

Kaluki alikuwa mshonaji, mwenyeji wa Kitui, mwanamke mkavu wa maneno mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu. Kwenye shingo ya cherehani hiyo alikuwa amefunga kitambaa chekundu alichochomeka pini zake. Kwa miaka kumi na minne Phanice alimpelekea suruali zilizopasuka na nguo zilizokosa vifungo, na Kaluki akazirudisha zikiuzika. Walizikiana wazazi, yaani walichangiana matanga, mmoja akasafiri hadi Vihiga, mwingine hadi Mutomo. Ukimwona mmoja unauliza mwingine yuko wapi.

Balaa lililetwa na neema. Mwaka uliotangulia wakopaji walilipa vizuri, akiba ikanona hata baada ya mgao wa Desemba, na Jumapili ya Februari meza ikabaki na laki nne na elfu thelathini na tisa zisizo na mwenyewe. Kila aliyetaka kukopa alishakopa. Sheria ikasema pesa hailali, na hakuna aliyejua zitaamkia wapi.

Mtu mmoja akataja benki, wakamcheka. Ukimuuliza mtu wa Gatwekera benki ni nini, atakwambia ni mahali unapoacha elfu tano, ukirudi unakuta elfu nne na mia saba, na anayekueleza zile mia tatu zilienda wapi anakuita madam. Hapo ndipo Phanice aliposimama, akasema amekuja na mgeni.

Mgeni aliitwa Austine Lusweti. Alikuwa kijana nadhifu aliyeketi naye kanisani Jumapili mbili mfululizo, akamwita senje, yaani shangazi, kwa lugha ya kwao, akamtajia hadi shule ya msingi aliyosomea Phanice. Mtu wa nyumbani kabisa.

"Mamangu wote," Austine alisema, "benki inachukua pesa yenu, inakopesha tajiri, halafu inawapa nyinyi makombo. Sisi Kisima Tele tunawapa faida yenyewe. Asilimia tano. Si kwa mwaka, kwa mwezi. Na tumesajiliwa." Akatoa cheti chenye nembo ya serikali, kikapita mkono kwa mkono. Kavetsa aliigusa nembo kwa kidole na kutikisa kichwa kukubali. Serikali imeona, nani tena aseme?

Ni Kaluki aliyesema. "Hizo pesa zikifika huko, zinafanya kazi gani?"

"Zinazunguka, mum."

"Zinazunguka wapi?"

"Kwa soko. Ni mambo ya investment."

"Mimi nikikopa hapa," Kaluki alisema, "nasema ni za kitambaa. Phanice akikopa anasema ni za bale ya nguo. Wewe hujasema ni za nini. Ni nani anaenda kulipa hiyo asilimia tano kila mwezi, na yeye anaitoa wapi?"

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mgeni wa kumwonea haya. Austine alicheka kwa upole na kumtazama Phanice, na Phanice akajisikia ameaibishwa mbele ya mtu wa kwao.

"Kaluki, wewe unaogopa kila kitu," alisema. "Ndiyo maana umekaa na hiyo cherehani ya mguu miaka yote wenzako wakinunua za umeme. Kama hutaki kuendelea, usiturudishe nyuma."

Kaluki alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo wake, akauweka mezani. Akahesabiwa hisa zake, elfu tisa, akazichukua na kutoka bila kungoja sala. Phanice aliuokota ule ufunguo, akautia kwenye mkufu pamoja na wake. Tangu siku hiyo alipita njia ya juu, ya kuzunguka bomba la maji, ili asipite mbele ya mlango wa Kaluki.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Ofisi ya Kisima Tele ilikuwa juu, kwenye ngazi zenye vigae. Kulikuwa na kochi, maji baridi ya bure, msichana wa kusema karibu, na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo kama ya benki. Kalamu ile ndiyo iliyowamaliza. Kavetsa alirudi Gatwekera akiisimulia kwa wiki nzima.

Chini ya ngazi kulikuwa na mlango mwingine wenye kibao kingine: Nishike Mkono Mikopo. Hapo hapakuwa na kochi. Palikuwa na dirisha la vyuma na foleni ya watu waliobeba televisheni begani za kuweka rehani, watu wa boda wakishika vitabu vya umiliki wa pikipiki zao, mama mmoja na mtungi wa gesi. Kila Phanice alipopanda ngazi aliikunja nguo yake kidogo isiwaguse. Aliwaonea huruma, na akamshukuru Mungu kwamba yeye ni wa kuleta, si wa kuchukua. Hilo baadaye lilimchoma kuliko pesa.

Faida ikaja Aprili, ikaja Mei, ikaja mpaka Agosti. Septemba wakaambiwa sistimu iko chini. Oktoba Austine akaacha kushika simu. Phanice akaenda mjini, ofisi tatu kwa siku mbili. Ya kwanza ilimwambia hiyo si benki, kwa hivyo haiwahusu. Ya pili ikamwambia hiyo si ushirika, kwa hivyo haiwahusu. Ya tatu ikamtazama kwa huruma, ikamweleza kwamba cheti kile ni cha kuandikisha jina la kampuni tu, hata duka la mkaa hupewa, hakimpi mtu ruhusa ya kuweka pesa za watu. Wakampa kijitabu cha rangi nne, karatasi nzuri inayoteleza, kinachofundisha jinsi ya kutambua matapeli. Phanice alikipasua vipande vipande pale pale kwenye ngazi, askari akamwambia aokote.

Na sasa yuko mbele ya kufuli.

"Hata mimi wananidai, yaani mimi ndiyo nawadai," sauti ilisema kando ya lango. Alikuwa mlinzi wa jengo, Musyoka, mzee wa sare iliyopauka. "Miezi nne sijalipwa. Hapa mbele mnapoteza wakati. Mali iko nyuma."

"Mali gani?" Kavetsa akadakia.

Musyoka akawaonyesha ufunguo mkubwa. Alikuwa ameamua, alisema, kwamba kama mshahara haupo basi hata siri haipo. Wakamfuata kwa uchochoro wa kando, watu mia wakibanana, wakatokea kwenye ua wa mabati. Akafungua.

Ilikuwa bohari. Friji zimesimama kama watu kwenye foleni. Televisheni, meko, spika za kanisa, pikipiki kumi na kitu, mashine za kunyolea, hata kitanda cha mtoto. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Mwalimu mstaafu mwenye tai akawa wa kwanza kukumbatia friji.

"Tugawane!" Phanice alipiga kelele. Alijisikia akipiga kelele. "Hizi ni pesa zetu! Tugawane!"

Akajitosa ndani, Kavetsa nyuma yake, wakipimana mabega na watu wazima waliokuwa wakivutana waya. Alikuwa amekasirika kiasi cha kutojali anashika nini. Akashika ukingo wa meza ya mbao, akauvuta, na ilipozunguka akaona kitambaa chekundu chenye pini.

Aliachia mkono.

Akakitazama kitambaa, akaitazama cherehani nyeusi chini yake, akashika kikaratasi. *Kaluki. Gatwekera. 20,000. Imechukuliwa 17 Julai.*

"Hii imefikaje hapa?" alimuuliza Musyoka, kwa sauti iliyotoka ndogo. "Hii ni ya mtu wa kwetu. Na hapa ni Kisima Tele."

"Ni za Nishike Mkono. Wakikosa kulipa, tunaendea vitu."

"Lakini Nishike Mkono ni wengine. Ni wa chini."

Musyoka alimwangalia kama anayemwangalia mtu aliyekaa kwa nyumba miaka mingi bila kujua jikoni ni wapi. "Mama, juu na chini ni kitu moja. Mdosi, tajiri wao, ni mmoja. Pesa inaingia huko juu, inatokea hapa chini. Nyinyi mnaleta, hawa wanachukua. Wanakopa elfu ishirini, mwezi ikiisha wanarudisha ishirini na sita, na faini kila siku. Nyinyi mnapewa tano kwa mia, yeye anakula ile ingine. Hata nyinyi mlikuwa mnafikiria ile faida inatoka wapi? Mbinguni?"

Phanice alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Lakini mzee hakuwa na kosa ila kusema, na alichosema ndicho alichoulizwa Austine mwezi wa Februari na mtu mmoja tu.

Kavetsa alikuwa amefika, akainama, akasoma kikaratasi. "Ni ya Kaluki," alisema. "Basi. Shika huko, mimi nishike huku. Hii haikosi elfu kumi na mbili pale soko la Toi."

"Hatuuzi."

"Unasema?"

"Ni cherehani ya Kaluki, Kavetsa. Hatuuzi."

"Kaluki alikopa, hakulipa." Kavetsa aliweka mikono kiunoni. "Na alikopa pesa za nani? Umesikia mzee. Ni zetu! Kwa hivyo Kaluki ana deni yetu, na hii ni yetu. Umeleta hasara ya laki nne, Phanice, sasa umepata kitu cha elfu kumi na mbili unataka kukipeleka kwa mtu aliyetukimbia?"

Hesabu yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtia Phanice wazimu. Ni hesabu ile ile ya Austine. Ukiifuata hatua kwa hatua unafika mahali pa kumnyang'anya mshonaji cherehani, na kila hatua ina muhuri.

"Hakutukimbia!" Phanice alifoka hadi watu wakageuka. "Mimi ndiye nilimfukuza! Aliuliza swali nikamtukana. Angekopa kwetu, pale mezani, asilimia moja. Angekosa, tungemngoja. Tulitoa pesa mezani tukazileta huku, zikazunguka, ndiyo kuzunguka kwenyewe huku, zikarudi Gatwekera zikamkuta Kaluki na zikamnyonga! Unataka tumuuzie na kamba?"

"Na akina mama nitawaambia nini?"

"Waambie nimeiba. Waambie Phanice ameiba cherehani. Nitakuja Jumapili wanizomee."

Kavetsa akatema mate pembeni, akaondoka kutafuta spika. Alimpata mtu mwingine ameikalia tayari.

Mwenye mkokoteni mmoja nje ya ua aliomba elfu moja kuibeba cherehani mpaka Gatwekera, akakubali mia nane. Hizo zilikuwa pesa za Phanice mwenyewe, za bale ya wiki ile. Walishuka na barabara ya Ngong, yeye akitembea kando ameshika cherehani isicheze, jua likiwa kali na kitenge kikimshika mapajani. Njia nzima alikuwa akigombana. Aligombana na Austine, akamtukana hadi ukoo ambao ni ukoo wake pia. Aligombana na zile ofisi tatu. Aligombana na kalamu ya mnyororo. Kila alipomaliza mtu mmoja alirudi kwa Phanice, na huyo hakummaliza. Mchuma janga hula na wa kwao, huambiwa mtu aliyekosea. Yeye alikuwa amechuma janga, akaenda kumlisha rafiki yake peke yake kwanza, huku mwenyewe akinywa soda.

Gatwekera mkokoteni haupiti vichochoro. Akamlipa yule mtu, wakashikana kubeba hatua za mwisho, huku mtaro mmoja, huku mwingine. Safari hii hakuweza kupita njia ya juu.

Mlango wa Kaluki ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mwanga, akishona mfuko wa shati la shule kwa mkono, sindano moja, uzi mmoja. Aliinua macho. Hakumtazama Phanice, alitazama cherehani. Akainuka, akasaidia kuiingiza bila neno, mwenye mkokoteni akaenda zake.

Kaluki alizungusha gurudumu kwa kiganja. Akafungua kijumba cha chini, akaingiza kidole panapokaa kigurudumu cha uzi. "Bobini haiko."

"Nitakununulia."

"Umelipa ngapi kuitoa?"

"Sijalipa. Wamefunga. Wametoroka na kila kitu." Phanice alikuwa bado amesimama mlangoni kwa sababu hakuambiwa keti. Maneno yalikuwa yamemjaa tangu Kawangware, na sasa yalimtoka ovyo. "Uliniuliza Februari hizo pesa zinafanya kazi gani. Leo nimejua. Zilikuwa kwako, Kaluki. Ile elfu ishirini ulikopa ni yetu. Nishike Mkono na Kisima Tele ni mtu mmoja. Sisi ndio tulikukopesha. Sisi ndio tulikuchukulia mashine."

Kaluki hakulia, wala hakupiga kelele. Phanice angependelea kelele.

"Nilikopa Aprili," alisema. "Nilipata order ya uniform, nikataka kitambaa. Nilifikiria kuja kwa Kavetsa nikae pale nje niombe. Nikakumbuka maneno yako, nikaenda Kawangware. Shule ikachelewa kunilipa. Nililipa elfu kumi na nne, Phanice, mia tano mia tano, na bado wakaniambia deni ni elfu kumi na tisa. Walikuja na lori saa saba mchana, watu wote wakiona. Hizo elfu kumi na nne zilienda wapi?"

Macho ya Kaluki yalishuka kutoka usoni mwa Phanice, yakafika begani, yakateremka taratibu na mshono wa ubavuni hadi chini. Aliangalia kitenge cha kijani chenye maua ya njano kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine.

"Hii ndiyo sare," alisema. "Nilisikia mmeshona Agosti."

"Ndiyo."

"Ya faida."

"Ndiyo," Phanice alisema.

"Nani alishona?"

"Fundi mmoja wa Makina."

Kaluki alikaribia, akapiga goti moja, akashika pindo la ile nguo kati ya vidole viwili. Upande wa kushoto lilikuwa limefumuka kiasi cha shibiri moja. Huenda lilinaswa na pikipiki kule boharini, huenda lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Alilivuta kidogo, uzi ukatoka wote kwa mara moja.

"Amekushonea vibaya," alisema. "Hakurudia mshono. Amekula pesa yenu bure."

"Kaluki, nisamehe."

"Sijakuambia mambo ya msamaha. Nimekuambia pindo limefumuka." Akainuka, akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kusimama nyuma ya meza ya cherehani yake. "Kuirudisha vizuri ni mia mbili. Kwa mkono, maana sina bobini. Na mimi siku hizi sikopeshi mtu wala sikopi. Pesa kwanza."

Phanice alifungua pochi. Baada ya mkokoteni zilikuwa zimebaki mia mbili na hamsini. Akatoa noti mbili za mia, akazinyoosha kwa kiganja, akaziweka mezani, mahali ambapo wote wawili wangeziona.